Umeme Unaoishia Gatini

Dereva wa tuktuk aliposikia nakwenda Mbaraki aliniuliza upande gani: kwa meli au kwa jini. Nikamwambia kote kuwili. Akacheka, akawasha. Tulitoka Marikiti, tukapita chini ya Pembe za Ndovu pale Moi Avenue, barabara ambayo wazee wa mji bado huiita Kilindini, kisha tukakata kushoto kuingia Ganjoni. Kadiri tulivyokaribia maji ndivyo maduka yalivyogeuka mabohari, hadi tukajikuta tumebanwa kati ya malori mawili yenye nambari za Uganda, yote mawili yakinguruma pasipo kusonga hata hatua.

Nilianza kwa jini. Nguzo ya Mbaraki imesimama kando ya msikiti, karibu na maji ya bandari ya Kilindini. Ni mnara mnene wa mawe ya matumbawe, uliochakaa kwa chumvi na mvua ya karne nyingi. Wapo wanaosema ni kaburi la mkuu wa Wachangamwe, mojawapo ya zile taifa tatu za Waswahili wa Mombasa. Wapo wanaosema ni makao ya pepo, na watu wameleta hapo ubani na marashi vizazi kwa vizazi. Sikwenda kuamua ugomvi huo. Nilikwenda kwa sababu nguzo hii na gati la meli ni majirani, na nilitaka kusikia jirani mmoja anasema nini juu ya mwenziwe.

Barazani alikuwa amekaa mzee mwenye kofia ya vito na fimbo ya mtobwe.

"Sabalkheri, babangu."

"Sabalkheri, mwanangu. Umekuja kuomba ama kutazama?"

"Kutazama tu."

"Basi tazama kule." Fimbo haikuelekea kwenye nguzo. Ilielekea nyuma yake, kwenye kreni za meli iliyofungwa gatini, na kwenye dohani iliyokuwa ikitoa moshi mwembamba wa rangi ya kahawia. Mzee aliwahi kuendesha winchi bandarini, enzi za magunia, kabla makontena hayajawatoa makuli wengi kazini. "Zamani meli ikiingia twajua kwa honi," alisema. "Siku hizi twajua kwa pua." Kisha akaniambia kwamba nyumbani kwake kanzu nyeupe haianikwi nje upepo ukitoka upande ule. Hakulisema kwa kulalamika, ila kama mtu anavyokueleza saa za maji kukatika.

Mtu asiye wa pwani huenda akauliza: meli imefungwa, haiendi popote, moshi wa nini? Meli ikiwa gatini huzima injini kubwa inayosukuma, lakini haizimi jenereta. Taa zinataka umeme, na pampu, na mafriji ya chakula, na jiko la mabaharia, na feni za chumba cha injini. Meli za gati la Mbaraki mara nyingi ni za mizigo isiyofungwa, kama klinka ya saruji, na nyingi za aina hiyo hujishushia zenyewe kwa kreni zao. Nazo hizo kreni zinakula umeme wa jenereta ileile. Kazi inaweza kuchukua siku kadhaa, usiku na mchana, na moshi nao haulali.

Kuna pia suala la mafuta yenyewe. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, lenye makao London, lilishusha kiwango cha salfa kinachoruhusiwa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, wala siibezi. Lakini tangu mwaka 2015 dizeli ya magari katika Afrika Mashariki hairuhusiwi kuzidi sehemu 50 za salfa katika kila milioni. Ukipiga hesabu utaona kwamba meli pale Mbaraki inaruhusiwa salfa mara 100 ya ile ya lori linalongoja kubeba shehena yake. Lori hilohilo ndilo tunalolipigia kelele kila siku barabarani.

Ndani ya lango huingii bila kibali, nami sikuwa nacho, kwa hiyo niliitazama meli kutoka nje, nikiwa nimesimama karibu na nguzo nyingine kabisa: ya stima. Nyaya zilipita juu ya kichwa changu. Umeme uliokuwamo ndio unaonifanya niandike haya. Kenya leo hupata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka kwa vyanzo visivyochoma mafuta: mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981; mabwawa ya mto Tana; upepo wa Turkana wenye megawati 310; na jua. Zamani pwani ilitegemea sana mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu na Rabai, nayo haijafa. Lakini tangu laini ya kilovolti 400 ya Nairobi hadi Mombasa ikamilike mwaka 2017, mvuke wa Naivasha unaweza kuwasha taa ya Ganjoni. Unafika mpaka bandarini. Kreni kubwa za gati la makontena zinautumia. Halafu, kwenye ukingo wa gati, pale maji yanapoanza, unakoma. Kutoka hapo hadi ubavuni mwa meli ni mita chache, na ng'ambo ya hizo mita chache jenereta inachoma mafuta.

Dawa ya jambo hili inajulikana. Göteborg, Sweden, walianza kuzipa meli za mizigo umeme wa nchi kavu mwaka 2000. California imekuwa ikizilazimisha meli za makontena tangu mwaka 2014, na Umoja wa Ulaya utazilazimisha katika bandari zake kuu kuanzia mwaka 2030. Bandari ya Mombasa nayo ina sera yake ya bandari ya kijani, na mpango wa kuunganisha meli na umeme wa nchi kavu umetajwa humo. Kwa nini basi waya haujavuka?

Ugumu upo, tena wa kweli. Umeme wa Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde. Meli nyingi zimeundwa kwa mara 60, kwa hiyo katikati lazima kuwe na mtambo mkubwa wa kubadilisha, na mtambo huo ni ghali. Mwenye meli anasema, siwezi kuweka soketi kwa ajili ya Mombasa peke yake. Bandari inasema, siwezi kujenga soketi wakati hakuna meli ya kuchomeka. Kila mmoja anamngoja mwenziwe atangulie. Halafu ongeza usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaonja giza. Nahodha anayekumbuka usiku ule ataifanya jenereta yake iendelee kunguruma, nami siwezi kumlaumu.

Nilimwuliza mzee kama amewahi kusikia watu wakidai jambo hili. Alifikiri. "Watu hudai kazi," alisema. "Moshi wadaiwa na nani?"

Swali hilo nililibeba hadi Likoni.

Kutoka Mbaraki unaweza kutembea hadi kivukoni ukipenda jua la saa tano. Mimi sikulipenda, lakini nilitembea, nikipita wauza miwani na wauza korosho. Kivuko cha Likoni huvusha takriban watu 300,000 kwa siku. Ukiwa ndani hutoi nauli kama unakwenda kwa miguu, na hutoi neno kwa kuwa huna nafasi ya kupumulia. Nilijipenyeza hadi ubavuni. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia, imetanguliwa na tagi ya kuvuta meli, na kivuko chetu kikasubiri ipite, injini zetu za dizeli zikitetemesha vyuma vya sakafu hadi kwenye meno.

Nikapima kwa macho: ng'ambo ni kama nusu kilomita. Norway walianza mwaka 2015 kutumia kivuko cha magari kinachoendeshwa kwa betri, Ampere, kinachovuka maji ya karibu kilomita 6 na kuchajiwa kila kinapogota. Sisi tuna vivuko vinavyokwenda chini ya sehemu moja ya kumi ya safari hiyo, vinavyorudi palepale mchana kutwa, katika nchi ambayo usiku wa manane ina mvuke mwingi wa ardhini kuliko inavyohitaji. Ukiagiza mtu akuchoree mahali pa kuanzia chombo cha umeme, atakuchorea Likoni. Tena vivuko hivi, tangu mwaka 2021, vimo mikononi mwa Halmashauri ya Bandari ya Kenya, chombo cha umma. Havina bendera ya Panama wala ya Liberia. Havihitaji kura ya IMO kule London. Tagi nazo ni hivyohivyo: ni zetu, hulala hapahapa, na zinaweza kuchomekwa waya zinapongoja kazi. Mimi naona tumeanza hesabu hii kutoka mwisho. Tunasubiri meli za watu zisafishwe wakati za kwetu tunazipanda kila asubuhi.

Abiria aliyesimama karibu nami, kijana aliyebeba jembe jipya, aliniona nikiandika. "Ukiandika kuhusu feri," alisema, "andika kwanza zisiharibike katikati ya maji." Nimeandika.

Nilivuka, nikarudi, nikashika njia ya Mama Ngina. Pale chini ya mibuyu, bahari imefunguka, na mdomo wa Kilindini uko mbele yako. Kila meli inayoingia au kutoka inapita kama inakaguliwa. Nilinunua viazi karai na ukwaju kwa mama mmoja aliyekuwa na jiko la makaa na mwavuli. Vijana wawili wanafunzi walikuwa wakila kando yangu, mmoja wao, msichana, akisomea mambo ya usafirishaji, na mazungumzo yakaenda yalikotaka kwenda.

Msichana yule alijua kitu ambacho wengi hatukijui: kwamba moshi wa meli za kimataifa haumo katika hesabu ya nchi yoyote. Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997 uliikabidhi IMO kazi hiyo. Mkataba wa Paris wa 2015 haukuutaja kabisa. Meli imesajiliwa nchi hii, mwenyewe yuko nchi ile, mabaharia wanatoka ya tatu, mzigo ni wa ya nne, na moshi unabaki Mbaraki. Kwa jumla usafiri wa meli hutoa karibu asilimia 3 ya gesi zinazopasha dunia joto. Ungekuwa nchi, ungekuwa miongoni mwa wachafuzi wakubwa, na kila mwaka ungeitwa mikutanoni kujieleza.

Mwezi Julai 2023 nchi wanachama wa IMO zilikubaliana kwamba gesi za meli zifikie sifuri halisi ifikapo 2050 au karibu na hapo. Septemba mwaka huohuo viongozi wa Afrika walikutana Nairobi, na Azimio lao likataka dunia ifikirie kutoza kodi ya kaboni, ikiwemo kwenye usafiri wa baharini. Aprili 2025, London, kura 63 dhidi ya 16 zilipitisha rasimu ya mfumo wa kuzitoza meli zinazochafua kupita kiasi, na fedha ziingie katika mfuko wa kuzisaidia pia nchi zinazoendelea. Ilibaki kuidhinishwa Oktoba. Oktoba ilipofika Marekani ikatisha nchi kwa vikwazo na ushuru, Saudi Arabia ikaomba shauri liahirishwe, na likaahirishwa kwa mwaka mzima kwa kura 57 dhidi ya 49.

"Sasa hiyo kodi," alidakia mama wa viazi, aliyekuwa akisikiliza muda wote huku akigeuza karai, "wanalipa hao wenye meli, au unapanda unga wangu?"

Hakuna swali lililo zito kuliko hilo katika jambo hili lote, na ningependa wapiganiaji wa bahari safi walianze nalo badala ya kulikimbia. Ngano ya chapati zetu huja kwa meli. Mafuta ya kukaangia viazi vile, au mawese yanayosindikwa kuwa mafuta hayo, huja kwa meli. Na nyuma ya Mombasa kuna Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, ambako kila senti inayoongezwa baharini hupanda tena barabarani. Gharama itafika, japo kwa kila kilo ni ndogo. Jibu la haki linategemea mfuko: zikirudi fedha zikajenga soketi gatini na vivuko vya umeme, mama atakuwa amelipa kwa kitu. Zikibaki kwa matajiri wenye teknolojia, atakuwa amelipia meli mpya za watu. Nilimwambia hivyo. "Basi wewe ukiwa huko waambie hivyo hivyo," alisema, akaniongezea viazi viwili bila kutoza. Sikumweleza kwamba huko siendi.

Nilipanda kwa njia ya Fort Jesus, nikaingia Ndia Kuu. Swali la mzee bado lilikuwa likinisumbua, moshi wadaiwa na nani, na nikajibu kichwani kwa mifano miwili ya pwani hii hii.

Lamu walidai, wakapata. Mradi wa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipopangwa huko, watu wa Save Lamu na wenzao wa deCOALonize walikwenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Owino Uhuru nao walidai. Pale, katika kitongoji cha Mombasa yenyewe, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watoto madini ya risasi katika damu. Mwanaharakati Phyllis Omido alishtaki na kupigana, akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikawaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. (Betri zile, tusisahau, ni za aina ileile tunayoiweka chini ya paneli za sola. Nishati safi nayo ina uvungu wake.) Makaa ya Lamu yalikuwa na kiwanja. Risasi ya Owino Uhuru ilikuwa na ukuta na lango. Moshi wa Mbaraki kesho unaelekea Durban, na kesho kutwa hujui umesajiliwa kwa jina gani. Ndiyo maana nasema adaiwe yule asiyeondoka, yaani gati. Gati lina anwani.

Bandari ya Kale nilifika baada ya alasiri. Kulikuwa na wakati ambapo huku ndiko dunia ilikokuwa ikiingilia. Kaskazi ilileta majahazi na mabaghala kutoka Ghuba na Bara Hindi, kusi iliyarudisha, na bandari nzima haikutumia hata tone la mafuta. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri humu mwaka 1939 ndani ya chombo cha Kuwait na kuandika kitabu kuhusu safari hiyo. Vyombo vile vilikuwa bado vikija kuchukua boriti za mikoko, biashara ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 1982 ili mikoko ibaki. Sitaki kudanganya kwamba enzi hizo zilikuwa za raha. Baharia aliishi kwa tende na deni, na mzigo ulifika siku Mungu aliyopenda.

Siku niliyofika palikuwa na majahazi machache, moja likipakia unga na sabuni za kwenda Lamu. Nahodha wake, mtu wa Matondoni, kulekule Lamu, kwa lafudhi na kwa maringo, alinikaribisha juu. Nilimwuliza juu ya tanga, nalo nililiona limekunjwa kando.

"Tanga lipo," alisema. "Kusi ikiwa nzuri twalitweka, dizeli twaiweka akiba. Lakini mwenye unga wake ataka ufike Alhamisi. Upepo haujui Alhamisi."

Nikamwambia kwamba Ulaya wako watu wanaorudisha tanga kwenye meli kubwa za mizigo, matanga ya chuma yanayojigeuza kwa kompyuta, ili kupunguza mafuta. Alitafakari, akauliza bei, nilipomwambia siijui akaona sina la maana. Akageukia watu wake, akawagombeza kwa gunia lililopasuka, kisha akanirudia.

Mimi nilikuwa nimeshaona kitu kingine. Juu ya kibanda cha nyuma kulikuwa na paneli ya sola, imefungwa kwa kamba ya katani, na waya mwekundu ukishuka hadi kwenye betri chini ya benchi. Redio ilikuwa ikisoma habari. Simu nne zilikuwa zimechomekwa. Injini ilikuwa imezimwa tangu walipotia nanga.

"Na hiyo?"

"Hiyo ya taa na simu," alisema nahodha. "Sasa nikiwa nimefunga chombo niwashe injini ya nini, nichome pesa? Kama simu yako imekwisha chaji, toa hiyo ya mpishi, uchomeke yako. Yeye kazi yake ni kuwapigia wanawake."

Niliitoa ya mpishi. Alinitupia jicho kutoka jikoni, akaendelea kumenya vitunguu.